Kubomoa jengo kuukuu na kulitumia kwenye jipya: nini kinarudi kikiwa kizima, nini kinasagwa, na mkataba uandikweje?

Mchoro_na_Pima

Wakuu, naomba mwongozo wenye vipimo. Kuna jengo la ghorofa moja, mita 12 kwa 20, linalotakiwa kupisha jengo jipya la ukubwa unaokaribiana nalo kwenye kiwanja hicho hicho. Mteja anataka kanuni za uchumi mzunguko zifuatwe kweli: kinachotoka kitumike tena kadiri inavyowezekana, na jengo jipya nalo liweze kufunguliwa vipande siku zake zikiisha.

Vilivyomo kwa hesabu ya awali ni zege takriban mita za ujazo 105 (misingi, sakafu ya chini, nguzo, bimu na slabu ya juu ya sentimita 15). Kuta za nje za matofali ya kuchoma, unene milimita 230, matofali kama 30,000. Kuta za ndani za matofali ya saruji. Kenchi 17 za mbao na mabati mita za mraba 300. Dari za bodi za jipsamu. Kando yake kuna karakana ya fremu za chuma, boriti za I zilizofungwa kwa bolti, tani 9 hivi.

Mkandarasi wa ubomoaji amependekeza ekskaveta, wiki mbili, kila kitu kibebwe. Anasema zege litasagwa liwe kokoto za zege jipya, na hivyo "zaidi ya asilimia 80 imerejeshwa". Je, hesabu hiyo inasimama? Kokoto hizo ziingie kwenye nguzo? Kazi ianzie wapi? Na mkataba unaandikwaje ili vitu visivunjwe?

Mkadiriaji_M

Mkuu, nianze na hiyo asilimia 80, maana ndiyo inayopotosha wengi.

Zege mita za ujazo 105 ni tani 250 hivi, kwa tani 2.4 kila mita ya ujazo. Matofali 30,000 ya kilo 3.3 ni tani 100. Kuta za ndani tuziweke tani 45, chuma tani 9, mbao tani 8, mabati hayafiki tani 2. Jumla inakaribia tani 415. Zege na matofali ya kuchoma peke yake ni tani 350, yaani 84%. Kwa hiyo mkandarasi akisaga vyote viwili na kuvimwaga chini ya barabara, huku kila mlango, kila kenchi na kila dirisha vikienda dampo, bado ataandika 80% na mizani itamuunga mkono. Asilimia ya uzito hupima zege na matofali tu.

Sheria kubwa nazo zina pengo hilo hilo. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2008/98/EC liliweka lengo la 70% kwa uzito kwa taka za ujenzi na ubomoaji zisizo hatarishi ifikapo 2020, na kujazia mashimo kunahesabiwa humo. Lengo linaweza kufikiwa bila tofali hata moja kurudi ukutani.

Kwenye ripoti yako weka safu tatu zinazojitegemea: kilichotumika tena kikiwa kipande kizima, kilichosagwa au kuyeyushwa kuwa malighafi, na kilichojazia shimo. Usizijumlishe. Tofali likirudi kuwa tofali, kuni au gesi iliyolichoma haitafutwi mara ya pili; likisagwa, kazi yote ya tanuri imekwisha na umebaki na changarawe. Kwa madirisha ya alumini, hata kuyeyusha kuna faida kubwa, kwa sababu kunatumia takriban 5% ya nishati ya kuizalisha kutoka kwenye madini, kwa hiyo fremu moja ikipotelea kwenye kifusi ni hasara ya kweli.

Kabla ya kusaini chochote fanya ukaguzi wa kabla ya kubomoa, chumba kwa chumba. Kila kitu kiandikwe kipimo, idadi, hali, kinakokwenda, na kimefungwa kwa nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua: skrubu, msumari, gundi, mota ya chokaa, mota ya saruji, kuchomelea. Ukijua kiungio, unajua kama kitu kitatoka kizima.

Humo humo tafuta asbesto: mabati ya saruji ya mawimbi ya kijivu, bodi za dari, vigae vya plastiki vya sakafuni, vifuniko vya kuzuia joto vilivyozungushiwa mabomba ya moto. Haijulikani kwa macho. Sampuli ipelekwe maabara. Ikikutwa, itolewe na wenye leseni, ikiwa imeloweshwa na bila kuvunjwa, kabla ya fundi mwingine yeyote kuingia. Asbesto haitumiki tena kwa namna yoyote, na kipande kimoja kikichanganyika na kifusi, rundo zima limekuwa taka hatarishi.

Nondo_Y16

Kuna swali linalotangulia hayo yote: kwa nini fremu ya zege ibomolewe? Kiwanja ni kile kile na ukubwa unakaribiana. Zege likiendelea kusimama mahali pake halihitaji saruji mpya, wala krasha (mashine ya kusagia), wala lori. Chunguza kwanza, uchunguzi ni wa siku chache.

Toboa sampuli za mviringo za kipenyo cha milimita 100, angalau tatu kwa kila kundi (nguzo, bimu, slabu), baada ya kusaka nondo kwa kifaa cha kuzitambua ili usizikate. Sampuli zikavunjwe maabara kupata nguvu halisi. Kwenye zege lililopasuliwa muda huo huo nyunyizia kemikali ya fenoltalini. Panapogeuka waridi, zege bado lina ualkali unaolinda nondo. Pasipobadilika rangi, hewa ya kaboni dayoksaidi imeshapenya. Linganisha kina hicho na unene wa zege linalofunika nondo. Kaboni ikiwa imeingia milimita 12 na nondo ziko milimita 25, una nafasi. Ikiwa imezipita nondo, vyumba vikavu vya ndani bado vinaweza kuvumilika kwa sababu kutu inahitaji unyevu, lakini bafu, vibaraza na kingo za slabu zitahitaji matengenezo makubwa. Pima na kloridi (chumvi inayoozesha nondo), hasa kama kuna shaka kwamba mchanga wa baharini ulitumika.

Fremu ikishindwa, usiihukumu misingi pamoja nayo. Chimba kando ya misingi miwili mitatu, pima upana na kina, kagua nondo. Udongo ulio chini umebeba mzigo kwa miaka. Mzigo mpya usipozidi wa zamani, mara nyingi misingi hiyo inabaki.

Ikibidi zege livunjwe kabisa, maoni yangu ni kwamba liende chini ya sakafu na maegesho. Tazama kiasi. Jengo jipya likihitaji mita za ujazo 100 za zege, kila mita ina kokoto nene kama kilo 1,100. Ukibadilisha 30% ni kilo 330, yaani tani 33 kwa kazi nzima. Katika tani 250, tani 33 tu ndizo zitakazoingia kwenye zege jipya; nyingine zinakwenda kushindiliwa vyovyote iwavyo. Na krasha ya kuhamishika inasaga makumi ya tani kwa saa, kwa hiyo kazi yako inakwisha kwa siku moja huku ukilipia kuileta na kuiondoa. Kwa kiasi hiki tafuta ndoo ya kusagia inayofungwa kwenye ekskaveta.

Angalizo moja: kifusi cha zege kikinyeshewa hutoa maji yenye ualkali mkali. Kisilazwe karibu na kisima wala kijito.

Maabara_ya_Zege

Nakubaliana na Nondo_Y16 kuhusu kuiacha fremu, sikubaliani naye kuhusu tani 33. Hizo ni tani 33 za kokoto ambazo hazipasuliwi mlimani wala kuchotwa mtoni, na mlolongo wake si mgumu kama unafuatwa. Nguzo usiziguse, si kwa kuwa haiwezekani, bali kwa sababu nguzo ndipo pa mwisho pa kujifunzia. Anza na zege la kusawazishia chini ya misingi, sakafu ya chini, njia za miguu na kingo zake.

Kiwango cha Ulaya EN 206 kinatoa mwongozo mzuri. Kokoto za daraja A, ambazo angalau 90% yake ni zege au mota na matofali ya kuchoma hayazidi 10%, zinaweza kuchukua hadi 30% ya kokoto nene kwenye zege lenye nondo katika mazingira ya kawaida, na hadi 50% mahali pasipo na hatari ya kutu, kama zege lisilo na nondo. Chenga za chini ya milimita 4 ziondolewe. Hizo zimejaa mota kuukuu, zinanyonya maji kupita kiasi. Tarajia theluthi moja au zaidi ya ulichosaga iwe chenga, na hizo ndizo za kushindilia.

Kinachoharibu kazi karibu kila mara ni maji. Kokoto za mlimani hunywa kama 1% ya uzito wake. Za zege kuukuu hunywa 4 hadi 8%, kwa sababu ya mota iliyoganda juu yake. Chukua mchanganyiko wa saruji kilo 330 na maji lita 180, uwiano wa maji kwa saruji 0.55. Kilo 330 za kokoto kuukuu zikiwa kavu na zinakunywa 6%, zinavuta lita 20, na sehemu kubwa inavutwa ndani ya dakika kumi za mwanzo. Zege linakuwa gumu kwenye toroli, mtu anaongeza ndoo ya maji, kisha nyingine. Lita 20 za ziada zikiingia kwenye kokoto ambazo tayari zimeshiba, uwiano unafika 0.61, na siku ya 28 vipande vya majaribio vinafeli. Baada ya hapo lawama zote zinaangukia kokoto.

Dawa yake ni kulowesha rundo siku moja kabla, kuliacha lichuje, na kulitumia likiwa limeshiba ndani na halina maji ya kung'aa juu. Lifunikwe turubai. Asubuhi ya kumwaga zege pima unyevu wa kokoto (kilo moja, kaanga kwenye sufuria hadi ikauke, pima tena) na urekebishe maji ya mchanganyiko kwa kipimo hicho.

Adui wa pili ni jipsamu. Salfeti yake ikikutana na saruji huzaa fuwele zinazovimba, na zege linapasuka kutoka ndani miezi mingi baada ya kukabidhi. Dari na lipu za jipsamu zitoke zote kabla ekskaveta haijagusa ukuta. Ukishachanganya huwezi kuchambua. Na zisifukiwe pamoja na taka zinazooza, maana bila hewa hutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, yenye sumu.

Fanya mchanganyiko wa majaribio kwanza, vipande vya mchemraba vivunjwe siku ya 7 na ya 28. Kwa 30% nguvu hushuka kidogo sana au haishuki. Kinachobadilika zaidi ni unyumbufu na kusinyaa: zege la kokoto kuukuu hupinda zaidi na husinyaa zaidi. Slabu yenye nafasi ndefu kati ya nguzo usiipe bila mhandisi kurudia hesabu za mpindo.

Nondo zinazotoka kwenye zege zipelekwe kuyeyushwa. Ile tabia ya kuzinyoosha kwa nyundo na kuzirudisha kwenye bimu iachwe: chuma kilichokunjwa na kunyooshwa kikiwa baridi hupoteza uwezo wa kuvutika, na nyufa huanzia kwenye mashina ya mbavu zake, pasipoonekana.

Fundi_Randa

Kuhusu kazi ianzie wapi: kilichofungwa mwisho ndicho kitoke kwanza. Umeme ukatwe kwenye chanzo na ukapimwe kwa testa kila chumba, maji yafungwe. Halafu swichi, taa, sinki, masinki ya choo, milango na madirisha, dari, mabati, papi na kenchi, ndipo kuta, kutoka juu kwenda chini.

Mlango usiung'oe kwa mtaimbo. Ingiza msumeno wa umeme wenye blade ya chuma kati ya fremu na ukuta, kata misumari, fremu inateleza nzima. Pigilia ubao wa kukingama kwenye miguu ya fremu kabla ya kuinyanyua, la sivyo inapinda na mlango hautafunga tena. Fremu na mlango wake vipewe namba moja.

Kenchi zikifungwa kwa bolti, zishushe nzima kwa krini ikiwepo. Za misumari, zifungue chini, si juu ya ukuta. Msumari urudishwe kwa kupigwa upande wa ncha hadi kichwa kitokeze, kisha uvutwe huku umeweka kibao chini ya nyundo ili mbao isichubuke. Baada ya hapo pitisha kifaa cha kutambua chuma, kila upande. Kichwa kimoja cha msumari kilichobaki kinakula visu vya mashine ya randa, na kinaweza kuruka usoni.

Chambua kwa mikono: dunga kwa msumari wa mkono au bisibisi nyembamba kwenye ncha zilizokaa ukutani, ndiko kuoza kunakoanzia na ndiko mchwa wanakoingilia. Kata sehemu mbovu, baki na urefu mzuri. Mbao ya 50 kwa 150 ukiipiga randa pande zote inabaki kama 44 kwa 144, na kwa kuwa uwezo wa kuhimili mpindo unafuata upana mara mraba wa kina, umepoteza karibu 19% ya nguvu. Mhandisi apewe kipimo kipya, si cha zamani. Kwenye kuta na samani za ndani hilo halina shida.

Mbao za kijani kijani zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki zisichomwe wala zisifanywe maranda ya kulalia wanyama; majivu yake yana aseniki. Rangi za zamani zipimwe risasi kabla ya msasa.

Zipange juu ya vitalu, sentimita 30 kutoka ardhini, na vibao vya milimita 25 kati ya tabaka kila sentimita 60, vikifuatana wima. Juu paa, pembeni hewa ipite. Unyevu wa mbao ukae chini ya 20%, kuvu hawapati nafasi. Turubai lililofungwa hadi chini linaziozesha upesi kuliko mvua.

Sasa matofali, ambayo ndiyo mali yako kubwa. Kwangua mota kwa msumari. Ikimomonyoka kama unga, ni chokaa: tofali linatoka kwa kugongwa kidogo na linasafishwa kwa tindo pana. Usijaribu kwa siki, kwani mota zote mbili hutoa povu. Msumari ukiacha mstari mweupe tu, ni saruji, na hapo mota inalishika tofali kwa nguvu kuliko tofali linavyojishika lenyewe. Ukigonga, linapasuka tofali. Usisafishe kwa asidi, chumvi zake hubaki ndani na kutokeza ukutani baadaye.

Kwa mota ya saruji njia iliyobaki ni kukata ukuta vipande. Copenhagen, kwenye nyumba za Resource Rows zilizokamilika 2019, kuta za matofali yaliyoshikwa kwa saruji zilikatwa paneli za mita moja kwa moja na kupangwa upya kama sura ya jengo. Kumbuka uzito: ukuta wako wa milimita 230 ni kilo 410 hivi kwa mita ya mraba, si kazi ya watu wawili na kamba.

Matofali yapangwe kwa asili yake. Ya uso wa nje yarudi nje. Yaliyokuwa upande wa ndani mara nyingi hayakuiva vizuri na mvua itayamega. Ya jikoni penye bomba la moshi na ya safu za chini zilizopanda unyevu yatengwe, yana chumvi. Chukua kumi bila kuchagua, yakaushe, yapime, yalowe saa 24, yapime tena. Yakinywa zaidi ya 20% ya uzito wake yaende kuta za ndani. Katika 30,000 mbunifu asipange kutumia zaidi ya 20,000 kabla ya kuona mota ikoje.

Mchoro_na_Pima

Nashukuru sana. Nimepima: kuta za chini ni chokaa, za juu ni saruji. Kwa hiyo za chini zinavunjwa kwa mkono na za juu tutajaribu paneli kwenye vibaraza tu. Fremu itatobolewa sampuli kabla ya uamuzi.

Yamebaki matatu: chuma cha karakana, mkataba, na viungio vya jengo jipya.

Nondo_Y16

Chuma ndicho rahisi kuliko vyote, kikifunguliwa vizuri. Bolti ilowe mafuta ya kupenya kutu usiku kucha. Isipotii, ikatwe kichwa kwa grainda. Gesi ya kukatia isisogezwe kwenye boriti: joto hubadilisha chuma pale pale penye kiungio, na kama kuna rangi ya risasi, fundi anavuta moshi wake. Boriti iwekewe kamba za krini kabla ya bolti ya mwisho kulegea. Bolti na nati hazirudi, nunua mpya.

Uingereza ina mwongozo wa Taasisi ya Ujenzi wa Chuma, P427 wa 2019, unaofuatwa na wengi. Unahusu chuma kilichojengwa baada ya 1970, ambacho hakijaungua, hakijachoka kwa mizigo ya kujirudia (kama njia za krini au madaraja) na hakijaliwa na kutu. Boriti zinagawanywa makundi: umbo moja, kipimo kimoja, kazi moja, jengo moja. Kila boriti inapimwa ugumu bila kuharibiwa, na kwa kila kundi kipande kinakatwa kwa ajili ya jaribio la kuvuta na uchambuzi wa kemikali. Kemikali ndiyo inayokuambia kama kitachomeleka bila kupasuka. Pima pia unyofu na unene halisi wa mbavu na tumbo la boriti.

Mtego uko kwenye usanifu. Boriti za mita 6 zenye matundu ya zamani miishoni zikikatwa miisho zinabaki mita 5.6. Mbunifu akishachora nafasi za mita 6, boriti zote zimekuwa vipande vya chuma chakavu. Orodha ya vilivyopo imfikie kabla hajaanza kuchora.

Mkadiriaji_M

Mkataba: tenganisha kuvua na kubomoa, hata kama mkandarasi ni mmoja. Ukiandika kifungu kimoja cha jumla, kila saa anayotumia kuokoa kitu ni hasara kwake. Badala yake BOQ (orodha ya kazi, idadi na bei) iwe na mstari kwa kila aina, na malipo yawe kwa kipande kilichokubaliwa: "mlango na fremu yake, umetolewa, umewekewa namba, umepangwa stoo", "tofali zima lililosafishwa, juu ya paleti, idadi 500". Sifa za kukubaliwa ziandikwe humo humo: tofali lenye pande nne nzima, kona moja tu iliyomegeka, mbao isiyopungua mita 1.8 bila ufa unaopita. Bila sifa hizo mtagombana juu ya kila rundo.

Taja mwenye mali. Mikataba mingi ya ubomoaji inasema kila kinachotoka ni cha mkandarasi, naye amekipunguzia bei. Kifungu hicho kisipobadilishwa, mteja atainunua milango yake mwenyewe.

Muda ni wiki sita hadi nane kwa jengo hili, si mbili. Anza kuvua huku vibali vya jengo jipya vikisubiriwa, ndipo muda huo haukugharimu ratiba. Stoo ihesabiwe mapema: matofali 20,000 kwenye paleti za 500 ni paleti 40, kila moja tani 1.65, na huwezi kuzipandanisha zaidi ya mbili bila kuvunja za chini. Eneo hilo lisiwe ndani ya mipaka ya misingi mipya, kosa linalojirudia mno.

Kwa kila kifaa kinachotarajiwa kurudi weka tarehe ya mwisho ya kuthibitisha. Vipimo visipokuwa vimetoka tarehe hiyo, kinaagizwa kipya na cha zamani kinatafutiwa kazi nyingine. Mradi unaosimama kungoja boriti tatu humfanya mteja asirudie tena jambo hili.

Mbunifu_K

Kwa jengo jipya, kuna kiwango cha kimataifa cha ISO 20887 cha 2020 kuhusu usanifu wa kufungulika. Kiini chake kwa fundi: kinachoisha mapema kisifungiwe ndani ya kinachodumu. Fremu inaweza kuishi zaidi ya miaka 60, lakini mabomba na nyaya hubadilishwa kila baada ya miaka 20 hivi, na kuta za ndani kila mpangaji anapobadilika. Ukizika bomba ndani ya slabu, bomba likitoboka unavunja slabu. Lipite juu ya dari inayofunguka au kwenye mfereji wa ukutani wenye kifuniko cha skrubu.

Punguza aina za viungio. Ukubwa mmoja wa bolti kwa fremu yote (M20, yaani kipenyo cha milimita 20, za daraja la nguvu 8.8 zinatosha kazi nyingi), aina mbili za skrubu kwa mbao, na kila kichwa kifikike kwa spana baada ya finishi kukamilika. Benki ya Triodos ilijenga ofisi yake ya Driebergen, Uholanzi, iliyofunguliwa 2019, kwa mbao zilizoshikwa na skrubu 165,312 ili iweze kufunguliwa yote. Epuka povu la kunyunyiza kwenye fremu za madirisha, gundi ya sakafu, na sakafu ya chuma iliyounganishwa na zege kwa misumari ya kuchomelea. Hiyo ya mwisho ni imara, lakini haifunguki bila kuvunja vyote viwili. Kama unaihitaji, kuna viungio vya bolti vya kazi hiyo hiyo.

Mota ya kuta mpya ni saruji 1, chokaa 2, mchanga 9 kwa kuta za ndani, na 1:1:6 kwa za nje. Mota iwe dhaifu kuliko tofali, ili ukuta ukicheza nyufa zifuate viungio na matofali yaweze kutoka tena. Matofali ya zamani yaloweshwe kabla ya kujengwa, la sivyo yananyonya maji ya mota kabla haijashika.

Tunza kumbukumbu ya kila kipande: kipimo, daraja la chuma au mbao, cheti cha jaribio, kimefungwaje, mchoro wa mpangilio wa kufungua. Uholanzi kuna masjala ya aina hiyo, Madaster, tangu 2017. Nakala moja ikae na hati ya kiwanja. Kwenye boriti zenyewe gonga namba kwa stampu ya chuma milimita 300 kutoka mwisho wa kushoto, upande wa chini, kisha paka rangi juu yake nyembamba isomeke. Namba ya kalamu inafutika mara ya kwanza mtu akipaka rangi.

Fundi_Randa

Niongeze kwa Mbunifu_K: skrubu za nje ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ya kawaida ikishaota kutu ndani ya mbao ngumu, kichwa kinakatika na mbao inapasuliwa kwa mtaimbo kama zamani. Toboa tundu la mwongozo, na paka nta kwenye nyuzi kabla ya kufunga.